Albamu Ninazozisikiliza Siku Hizi na Mikono Iliyozipanga

Kwa miezi kadhaa sasa nimejizoeza kusikiliza albamu moja baada ya sala ya isha, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuruka wimbo wowote na bila kuurudia ule unaonipendeza zaidi. Utaratibu huu ulianza kwa sababu ya mpwa wangu, kijana anayesoma chuo na kuishi kwetu, ambaye aliniuliza, "Mjomba, wewe unasikiliza albamu gani siku hizi?" Swali lilikuwa jepesi, lakini lilinihitaji nifikiri, kwa kuwa sisi tuliokulia kwenye redio tulizoea kutaja wimbo, bendi na mwimbaji, wala hatukuwa na mazoea ya kutaja albamu. Tukakubaliana kubadilishana: mimi nampa moja, naye ananipa moja. Haya ninayoyaeleza yanahusu zile zilizokaa nami, pamoja na jambo ambalo kusikiliza kwa namna hii kumenifunulia.

Jambo lenyewe ni hili: albamu nyingi za muziki wa Kiswahili wa zamani hazikupangwa na wanamuziki wanaosikika ndani yake. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, mzaliwa wa Fumba, alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi, yeye na wenzake hawakurekodi albamu. Walirekodi nyimbo kwenye sahani za santuri ambazo upande mmoja ulibeba takriban dakika tatu, na kwa hiyo wimbo ambao barazani ungeachwa uende kwa raha zake ulilazimika kubanwa. Miaka mingi baadaye bendi za dansi zilitoa santuri ndogo za 45, yaani za mizunguko 45 kwa dakika, na kwa kuwa wimbo wao ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja, uligawanywa: maneno yalikaa upande wa kwanza, chemko, yaani sehemu ya kuchezea, likakaa upande wa pili, na msikilizaji aliinuka katikati kwenda kuigeuza sahani. Redio Tanzania Dar es Salaam nayo iliziingiza bendi studio na kuzirekodi kwa ajili ya matangazo, si kwa ajili ya kuuza, na wapenzi wa muziki wakazinasa nyimbo hizo kwenye kaseti wakiwa majumbani mwao. Albamu ilikuja baada ya hayo yote. Mtu anayeishika leo anashika kazi ya mikono miwili, wa mwanamuziki aliyepiga na wa mtu aliyechagua miaka mingi baadaye, mara nyingi akiwa London, Paris au Marekani.

Sisemi haya kwa kulalamika. Nyimbo nyingi zingepotea kama watu hao wasingejishughulisha nazo. Ninachosema ni kwamba, baada ya kujua hivyo, sikio hubadilika: huanza kuuliza kwa nini wimbo huu umewekwa hapa, na upi umeachwa nje.

Albamu iliyonifundisha kuuliza hivyo ni *Sikinde* ya Mlimani Park Orchestra, iliyotolewa mwaka 1994 na Africassette ya Detroit, Marekani, kutokana na rekodi za Redio Tanzania za miaka ya 1980. Bendi hiyo iliundwa mwaka 1978, na jina lake lilitokana na baa ya Mlimani Park iliyokuwa karibu na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana wengi wanaifahamu kama DDC Mlimani Park. Sikinde ni jina la mtindo wake, lililochukuliwa kutoka kwenye ngoma ya Wazaramo, kama vile bendi nyingine za mji, JUWATA walivyokuwa na Msondo, Vijana Jazz wakawa na Pambamoto, na Maquis wakawa na Kamanyola. Katika Mlimani Park wamo watu ambao majina yao yanatosha kumfanya mzee wa Kariakoo asimame njiani: Muhiddin Gurumo, Hassan Bitchuka, Cosmas Chidumule, na Michael Enoch, ambaye kila mtu alimwita King Enoch, aliyekuwa akisimamia muziki wenyewe.

Nilikuwa nikizijua karibu nyimbo zote za albamu hiyo kabla sijaisikiliza nzima. Nilizijua jinsi zinavyopigwa redioni, wimbo mmoja baina ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo, na mtangazaji huukata pale maneno yanapokwisha. Nilipozisikiliza zikifuatana, niligundua kwamba nilikuwa nimezijua nusu. Wimbo wa dansi wa wakati ule una sehemu mbili ambazo hazifanyi kazi moja. Sehemu ya kwanza ni ya kusikiliza: gita la solo linafungua, waimbaji wanaeleza kisa, kiitikio kinarudi, wapuliza ala wanajibu kwa sauti fupi fupi. Kisha gita linabadilisha mwendo, tumba linapanda, na chemko linaanza. Hapo maneno yanapungua hadi kubaki mawili matatu, na kazi yote inahamia kwa magitaa matatu yanayopishana, kila moja likirudia kipande chake kidogo bila kuchoka, huku tarumbeta na saksafoni zikiingia kwa pamoja na kutoka kwa pamoja. Mtu anayekata wimbo pale maneno yanapoisha anakuwa amesikia hoja tu, akakosa dansi lenyewe.

Jioni moja nilikuwa nimeiweka spika barazani, na mzee jirani yetu, mpenzi wa Sikinde wa siku nyingi, akapita akitoka msikitini. Nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akabaki amesimama, mkono mmoja ukiwa kwenye nguzo ya baraza.

"Huyu si Bitchuka?"

"Ndiye, mzee. Karibu uketi."

Hakuketi. Alisikiliza mpaka chemko lilipoanza, akawa anahesabu kwa vidole kwenye nguzo, na wimbo ulipofifia na kwisha akanitazama kana kwamba nimemnyima kitu. "Mwanangu, hapo ndipo watu tulipokuwa tunainuka," akasema. "Pale DDC Kariakoo, mkishajaa uwanjani, bendi haithubutu kuacha. Huyu wa besi anawatazama nyinyi miguu. Hii ya redio wamekatiwa muda." Alinieleza kwamba ukumbini chemko lilikuwa na urefu wake kila usiku, kutegemea wachezaji, na kwamba mpiga solo aliyejaliwa angeweza kuongeza vipande ambavyo studio havikuwahi kusikika.

Maneno ya mzee yalinisaidia kuliko maelezo yoyote niliyowahi kuyasoma juu ya albamu hiyo. Tangu siku hiyo ninaisikiliza *Sikinde* nikijua kwamba ni muziki uliofupishwa mara mbili: kwanza na fundi wa mitambo aliyekuwa na muda wake wa kanda, kisha na mchaguzi aliyekuwa na nafasi yake ya diski. Hata hivyo mchaguzi alifanya jambo zuri, nalo ni kuziweka pamoja nyimbo ambazo majina yake tu yanakuonyesha bendi ilivyokuwa ikizungumza na watu wake. Kuna "Usitumie Pesa Kama Fimbo", kuna "Mtoto Akililia Wembe", kuna "Fikiri Nisamehe", na kuna "Neema". Ukizisikiliza kwa mfuatano, unakuta kwamba karibu zote zinatoka ndani ya nyumba, yaani ndoa, pesa, majirani, toba, na kwamba mtunzi huzungumza kama mtu aliyealikwa kusuluhisha ugomvi, si kama mtu anayehubiri. Wimbo mmoja mmoja haukuwahi kunionyesha hilo.

Baada ya dansi niligeukia taarabu, na huko nako nikakutana na mikono ya wapangaji, ingawa kwa namna tofauti. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu wa Globestyle, lebo ya London, walifika Unguja na Mombasa na kurekodi vikundi hukohuko vilikokuwa, kisha wakakusanya na rekodi za zamani za pwani. Moja ya albamu zao, *Nyota*, ya mwaka 1989, ina nyimbo za vikundi vya Black Star na Lucky Star vya Tanga. Tanga ya wakati ule iliifanyia taarabu jambo kubwa: iliweka gita la umeme na besi mahali ambapo Unguja iliweka fidla nyingi na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarabu, na mwendo wa wimbo ukasogea karibu na dansi. Ukiisikiliza *Nyota* mara tu baada ya *Sikinde*, unasikia jinsi watu wa baharini na watu wa kumbi za bara walivyokuwa wakisikilizana, jambo ambalo lisingedhihirika kama ningezisikiliza katika miezi tofauti. Ndani yake inasikika Tanga ya Shakila, mwimbaji aliyefariki mwaka 2016, ambaye sauti yake haihitaji kupandishwa juu ili isikike.

Dada yangu mkubwa anaishi Tanga, nami nilimtumia albamu hiyo kwa WhatsApp. Zilifika nyimbo zote, ila simu yake ikazipanga kwa alfabeti, na kwa hiyo aliisikia albamu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuikusudia. Alipiga simu kunishukuru, akaniambia kwamba imempendeza lakini imekuwa kama imekurupuka katikati. Nilizituma tena nikiwa nimeziandika nambari mbele ya kila jina, 01, 02 na kuendelea, na siku iliyofuata akaniambia kwamba sasa imetulia. Tangu hapo sitoi albamu kwa mtu yeyote bila kuzipa nyimbo zake nambari. Ni jambo dogo, lakini mtu anayetaka kuwashirikisha wengine muziki kwa simu afadhali alijue mapema.

Kwa upande wa Mombasa nimekuwa nikiisikiliza *Jino la Pembe* ya Zuhura Swaleh, iliyotolewa na Globestyle mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kinachonivuta humo zaidi ya sauti yake ni tashkota. Chombo hiki kilibuniwa Japani, kikaenea Bahari ya Hindi, na wapwani wa Mombasa wakakifanya chao kwa kukiunganisha na umeme. Ni kisanduku kirefu chembamba chenye nyuzi za chuma, na juu ya nyuzi kuna vitufe kama vya taipureta. Mkono wa kushoto unabonyeza vitufe, wa kulia unakwaruza nyuzi, na sauti inayotoka ni kali, yenye kutetemeka, inayoweza kukata kelele za harusi nzima. Katika albamu hii tashkota hujibizana na mwimbaji: Zuhura akimaliza mshororo, chombo kinaudaka mwisho wa sauti yake na kuuvuta kabla hajashusha mshororo unaofuata. Nyimbo zenyewe ni za maneno makali yaliyofungwa vizuri, yale ambayo mwanamke mmoja ukumbini huinuka kumtunza mwimbaji kwa noti, huku mwingine akijifanya hajasikia.

Kutoka mji huohuo, Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na bingwa wa udi, chombo cha nyuzi kinachofanana na gita, ana albamu iitwayo *Mtindo wa Mombasa*, ya mwaka 1990. Hii ni ya kusikiliza peke yako. Udi wake unatangulia, unazunguka, unarudi, na msikilizaji asiye na subira anaweza kudhani kwamba wimbo haujaanza ilhali umeshafika mbali. Zein aliimba mashairi yenye lugha nzito, na mara nyingi ninalazimika kusikiliza ubeti mara mbili kabla sijaupata, jambo linalovunja masharti yangu ya kutorudia. Kwake yeye nimeyalegeza.

Unguja nitaieleza kwa albamu mbili. Ya kwanza ni ya Bi Kidude, ya nne katika mfululizo wa *Zanzibara* unaotolewa na Buda Musique ya Ufaransa. Fatuma binti Baraka, kwa jina lake la kuzaliwa, alikuwa mwimbaji wa taarabu na wakati huohuo mwanangoma wa unyago, na ulimwengu ulimtambua akiwa ameshazeeka. Alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005, akafariki Aprili 2013. Nyimbo nyingi alizoziimba zilikuwa za Siti, kwa hiyo kumsikiliza ni kumsikiliza mtu aliyeweka ndani ya koo lake muziki wa kabla ya santuri kuwa jambo la kawaida. Nilipomchezea mpwa wangu, alisema sauti imekwaruza. Nikamjibu kwamba ni kweli imekwaruza, na nikamwomba asikilize mahali anapovuta pumzi. Bi Kidude hakuvuta pumzi mahali ambapo mwimbaji aliyefundishwa angeivuta. Anaipitisha sauti juu ya mwisho wa mshororo, anaingia katika neno linalofuata, kisha anakata ghafla na kuwaachia wapigaji nafasi. Kijana alikaa kimya kidogo, akaomba tuirudie. Nilimkatalia mpaka albamu iishe.

Ya pili ni *Chungu* ya Rajab Suleiman na kikundi chake cha Kithara, ya nane katika mfululizo huohuo. Rajab ni mpiga kanuni aliyekuwa Culture Musical Club, na albamu yake ni ya watu walio hai, waliokusudia kutoa albamu. Kanuni hulazwa mapajani au mezani na kupigwa kwa vidole vya shahada vya mikono yote miwili, kila kidole kikiwa kimevishwa pete inayoshikilia kipande cha kukwaruzia nyuzi. Katika vikundi vikubwa vya Unguja kanuni huzama ndani ya fidla, na mtu huisikia kama unyevu tu nyuma ya muziki. Hapa kundi ni dogo, kwa hiyo kila mguso wa kidole unasikika. Ninaipenda sana albamu hii. Ningetamani hata taarabu ya kisasa yenye vinanda vya umeme iwe na nafasi tupu kama zilizomo humo.

Sasa nifike kwa Remmy Ongala, kwa kuwa yeye ndiye aliyenichukulia jioni nyingi zaidi. Alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, kisha akaiongoza bendi ya Super Matimila. Mji ulimpokea kiasi kwamba kituo cha daladala cha Sinza kinaitwa Sinza kwa Remmy hadi leo, na kuna abiria wengi wanaoshuka hapo bila kujua kwamba wanamtaja mwanamuziki. Mwaka 1989 Super Matimila walikwenda Uingereza na kurekodi *Songs for the Poor Man* katika studio za Real World, zilizoko kijiji cha Box. Jina la albamu ni la Kiingereza, lakini nyimbo ni za Kiswahili: "Karola", "Kipenda Roho", "Sauti ya Mnyonge", "Muziki Asili Yake Wapi".

Tofauti kati yake na *Sikinde* inasikika tangu dakika ya kwanza. Bendi hizi mbili zilikuwa za mji mmoja, zikipigia watu walewale kwa karibu mwendo uleule, lakini Super Matimila waliingia studio wakijua kwamba wanatengeneza kitu kimoja cha kusikilizwa chote. Kila gita lina mahali pake, moja sikio la kulia na jingine la kushoto. Besi, ambayo kwenye kanda za redio huwa ni mngurumo tu, hapa inafuatika sauti kwa sauti, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba katika muziki huu besi haishikilii mwendo peke yake bali inaimba kiitikio chake yenyewe. Remmy anaimba polepole, kwa Kiswahili chenye mkunjo wa Kikongo ambao hakujisumbua kuunyoosha, akimsemea mtu asiye na kitu bila kumfanya wa kuonewa huruma. Anatania, anauliza, anaorodhesha. Katika "Muziki Asili Yake Wapi" anafanya swali kuwa wimbo mzima, na kila anapolirudia linakuwa gumu kidogo kuliko lilivyokuwa.

Mwaka 1992 ikaja *Mambo*, kutoka studio zilezile, ikiwa na baadhi ya nyimbo za Kiingereza. Mpwa wangu anaipenda zaidi hii ya pili, kwa kuwa ni safi na ina kasi. Mimi ninaiona kuwa ni albamu nzuri iliyogeuza uso kidogo. Humo umo "Mrema", wimbo unaomhusu Augustine Mrema aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, ambao mtu wa Dar es Salaam wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa, na pembeni yake kuna wimbo wa Kiingereza ambao unaeleza kila kitu mara mbili. Remmy alikuwa na haki ya kuwafikia watu wengine, na alijua alichokuwa akikifanya. Lakini anapoimba Kiingereza ule utani wake unapungua, na Remmy bila utani ni mwimbaji mzuri kama walivyo wengine wengi. Tumebishana juu ya hili jioni nzima, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Albamu niliyompa kijana huyo nikiwa na wasiwasi ni *Machozi, Jasho na Damu* ya Professor Jay, ya mwaka 2001. Nilidhani ataiona ya kizamani, kwani bongo fleva imebadilika sana tangu wakati huo, naye Professor Jay alimfahamu zaidi kama mtu aliyekuwa mbunge wa Mikumi. Kumbe hicho ndicho kilichomfanya aisikilize kwa makini. "Ndio Mzee" ni wimbo ambao mgombea anaahidi mambo yasiyowezekana, na umati unaitikia ndio mzee kwa kila ahadi. Kijana alicheka mpaka akasimamisha wimbo, akauliza kama aliyeuimba ndiye huyohuyo aliyekuja kuomba kura mwaka 2015. Nikamwambia ndiye, na akaendelea kucheka.

Nikiisikiliza tena baada ya miaka yote hiyo, ninaona kwamba albamu hiyo ilipangwa na mtu aliyekuwa na kaseti akilini. Kaseti ina pande mbili, na wimbo wa kuanzia upande wa pili ulihitaji nguvu sawa na ule wa kuanzia wa kwanza, kwa sababu mtu aliyeinunua Kariakoo aliigeuza na kutarajia jambo. Wasanii wa bongo fleva wa mwanzo walikuwa kizazi cha kwanza kwetu kilichofikiri kwa albamu tangu kuandika mashairi hadi kuchagua jina, na waliishi kwa mauzo ya kaseti hizo, ingawa mgawo wao ulikuwa na malalamiko mengi. Simu zilipokuja kushika biashara, wimbo mmoja mmoja ukarudi kutawala kama enzi za santuri ya 45.

Za karibuni nitazipitia kwa haraka. Mpwa wangu aliniletea *Only One King* ya Ali Kiba, ya mwaka 2021, na *Midnight Train* ya Sauti Sol, ya mwaka 2020. Sauti ya Ali Kiba haina mjadala, lakini albamu ina wageni wengi kutoka Kenya na Nigeria, na baadhi ya nyimbo zilikuwa zimeshatoka peke yake kabla, kwa hiyo niliisikia kama mkusanyiko mzuri kuliko safari moja. *Midnight Train* imeshikana zaidi. "Suzanna" iliyomo humo ilinipendeza kwa sababu magitaa yake yanajua yalikotoka, na nilimwonyesha kijana jinsi yanavyokaribiana na yale ya bendi za Nairobi za kina Les Wanyika. Hakukubali mpaka nilipompigia "Sina Makosa", na hata hapo alikubali nusu.

Katika kugawana huku nimejifunza pia namna ya kumpa mtu albamu ili aisikilize kweli. Simpi mtu ile ninayoipenda mimi zaidi. Ninampa ile yenye wimbo mmoja anaoujua, halafu ninamwacha aufikie mwenyewe akiwa ameshapita katika nyimbo asizozijua. Mama mkwe wangu nilimpa Bi Kidude kwa ajili ya "Muhogo wa Jang'ombe", na sasa ananidai nyingine. Pia ninahakikisha spika inatosha. Nyimbo za Redio Tanzania zikisikilizwa kwa simu tupu hupoteza besi yote, na mtu asiyezijua huamua kwamba zimechakaa, ilhali kilichochakaa ni spika. Na pale ambapo albamu inauzwa kihalali mtandaoni ninainunua, hasa ya msanii aliye hai, hata kama rafiki amenitumia nakala ya bure.

Juma hili zamu ni ya kijana, naye ameniletea *Kilio cha Haki*, albamu ya marapa wa mitaa ya Eastlands ya Nairobi, ya mwaka 2004. Nimefika nusu yake. Midundo imenikaa, na hasira yake ninaielewa bila tafsiri, ila Sheng inaniacha njiani kila baada ya mistari miwili, na mpwa wangu, ambaye kila kitu chake ni cha Temeke, naye nimegundua kwamba anakisia tu.